Daftari la Sifuri

Kuna watu wakistaafu huacha nyuma yao majengo yenye vibao vya mawe. Mama Buluu yeye alikuwa anajiandaa kuacha madaftari. Yalikuwa kumi na tisa, moja kwa kila mwaka, yamepangwa juu ya kabati la maabara, yamefunikwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Ukifungua daftari lolote, siku yoyote ya kazi, mstari wa kwanza utakuta tarehe, na mbele ya tarehe, sifuri. Kesho yake, sifuri. Keshokutwa, sifuri tena. Mtu asiyejua angedhani mama wa watu aliajiriwa kuthibitisha kila asubuhi kwamba duniani hakuna kitu.

Na wasiojua walikuwa wengi, hasa wale waliosoma sana.

Kwenye karatasi za ofisi Mama Buluu aliitwa mhudumu wa usafi. Aliosha chupa, vioo vya hadubini na sahani za maabara ya seli, akavikausha, akavipanga. Seli, kwa aliye mbali na mambo haya, ni yale matofali madogo sana yaliyojenga mwili wa kila kiumbe. Wataalamu huchukua machache, wakayatia kwenye chupa yenye maji ya chakula, wakayaweka ndani ya kabati la joto, nayo huishi humo na kuongezeka kama yako nyumbani kwao. Halafu hujaribiwa dawa. Dawa ikishatiwa, swali ni moja tu: ngapi ziko hai, ngapi zimekufa?

Swali hilo ndilo lililomtoa Mama Buluu kwenye karo la kuoshea na kumkalisha kwenye kigoda kirefu karibu na dirisha. Fundi mkuu wa zamani alipoanza kusumbuliwa na mtoto wa jicho, hakutaka ofisi ijue. Alimwita mhudumu wake kimyakimya, akamwonyesha hadubini. "Unatia tone la rangi ya buluu," alimwambia. "Seli iliyo hai ina mlango, nayo hufunga. Rangi haiingii, inabaki inang'aa. Iliyokufa mlango umeanguka, rangi inaingia inavyotaka. Zinazong'aa hesabu kwa mkono wa kulia, za buluu mkono wa kushoto." Akampa vidude viwili vya kuhesabia, vile vinavyolia *ta, ta* kila ukibonyeza. Miezi mitatu baadaye mama huyu alikuwa anahesabu vizuri kuliko mwalimu wake, na ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi isiyotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Jina likapatikana hapo.

Fundi alimwachia sharti moja. "Kila asubuhi, kioo cha kwanza usiweke seli. Weka maji na rangi peke yake, uhesabu. Ukipata sifuri, endelea na kazi. Ukipata hata moja, kioo kichafu, rudi kaoshe." Alikuwa na sababu. Siku za ujana wake, chembe za vumbi kwenye kioo zilihesabiwa kuwa maiti wiki nzima, na kazi ya watu ikatupwa. Mama Buluu hakuuliza mara mbili. Aliosha yeye, akahesabu yeye. Hata angetaka kumlaumu mtu, angejikuta anajilaumu mwenyewe. Kwa hiyo kila siku sifuri.

Basi wakaishi hivyo kwa amani mpaka alipoletwa Daktari.

Daktari huyu hakuwa wa kutibu. Alikuwa wa kusoma. Mgonjwa angeanguka miguuni pake, angemtafutia makala. Alikuwa kijana safi, mwenye koti lililoshonwa cheo chake kifuani kwa uzi mwekundu, asije akajisahau. Alikuja na sanduku kubwa, na ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kusomea, iliyofunikwa kitambaa kama bibi harusi. Siku ya kuifunua aliwaita wote, wakiwemo wanaofagia.

"Kuhesabu kwa jicho ni mambo ya kale," alisema. "Jicho linachoka. Jicho lina huruma. Jicho huona linachotaka kuona. Mashine haina hayo."

"Ni kweli, mwanangu," alisema Mama Buluu, aliyekuwa anafuta chupa pale nyuma. "Huruma haina."

Daktari alidhani amesifiwa, akatabasamu.

Na tuseme haki, maana haki haipotezi kitu: njia yenyewe haikuwa mbaya. Seli zilipandwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, safu kumi na mbili, kila safu vishimo vinane. Zikitiwa dawa na kulala nayo usiku mmoja, huongezwa rangi ya manjano. Seli iliyo hai huila ile rangi na kuigeuza zambarau. Iliyokufa haina la kugeuza. Baada ya saa nne sahani inawekwa kwenye mashine, mwanga unapita kila kishimo, na namba zinatoka kwenye karatasi. Zambarau ikikolea, uhai ni mwingi. Mama Buluu alipoona mara ya kwanza vile vishimo vinavyobadilika alisema moyoni, Mungu wangu, hii inapendeza. Hakuwa na kinyongo na rangi ya mwenziwe.

Kinyongo kilianzia kwenye dawa.

Ilikuwa dawa ya majani ya kupaka kwenye vidonda, nzito, ya kahawia, na Mkurugenzi wa taasisi alikuwa ameibeba moyoni miaka minne kama mimba. Mkurugenzi alikuwa mama mtu mzima, mwenye roho nzuri na papara nyingi. Wageni kutoka wizarani walikuwa wanakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, na bango lilikuwa tayari limeshachapishwa isipokuwa namba moja. Namba ikaletwa na Daktari, mbio, karatasi ikiwa bado na joto la mashine.

"Mia na arobaini!"

"Mia na arobaini nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Asilimia. Seli zisizopewa dawa tunazihesabu kuwa mia. Zilizopewa dawa zimefika mia na arobaini."

"Kwa hiyo ziko hai kuliko zilizo hai?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Muumba mwenyewe aliridhika na mia, wala hakuongeza arobaini juu. Lakini Muumba hakuwa na wageni Ijumaa.

Shida ni kwamba Mama Buluu alikuwa na chupa ya seli zilezile, zilizotiwa dawa ileile siku ileile. Hakuna aliyemwambia aache kuhesabu, kwa hiyo alihesabu. Alianza na kioo kitupu, akapata sifuri, akaandika. Halafu akahesabu seli zenyewe. Mkono wa kushoto ulilia *ta-ta-ta-ta* mpaka kidole kikauma. Katika kila seli mia, sabini na moja zilikuwa buluu. Akaosha kioo, akarudia. Sabini na mbili. Akatafakari kidogo, akaona Daktari anastahili kuambiwa.

"Daktari, hizi zimekufa."

Daktari aliinama kwenye hadubini kwa muda wa kupiga chafya. "Hilo ni vumbi, mama."

"Vumbi nimelihesabu asubuhi. Sifuri, hii hapa."

Daktari alilivuta daftari, akafunua kurasa, akafunua tena, na kicheko kikamtoka. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mama, jana ulipata ngapi?"

"Sifuri."

"Na mwaka juzi?"

"Sifuri, baba."

"Hongera! Huyu si Mama Buluu jamani, huyu ni Mama Sifuri!" Wenye makoti walicheka, kila mmoja kulingana na cheo chake. Kisha Daktari akaweka mkono begani mwake kwa upole, na upole wa namna ile humchoma mtu kuliko kofi. "Mama yangu, una miaka mingapi? Macho hayo yamefanya kazi sana. Hakuna aibu."

Kesho yake akapelekwa kupimwa macho, kwa gari la ofisi. Miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kupanda gari la ofisi.

Mpimaji wa macho alikuwa binti mchangamfu. Alimkalisha, akamwonyesha karatasi ya herufi ukutani. Mama Buluu alisoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho kabisa, halafu kwa kuwa hakuambiwa anyamaze, akaendelea na yale maandishi madogo chini ya mistari: jina la kiwanda kilichochapa karatasi, anwani yake, na onyo kwamba isiwekwe juani.

Binti alisogea ukutani kuyatafuta yalipo. "Mama, nani kakutuma huku?"

"Daktari wetu."

"Yeye alipimwa lini?"

Akaandikiwa cheti: macho mazima. Cheti kikapokelewa ofisini, kikagongwa muhuri, kikatiwa kwenye faili, kazi ya cheti ikaishia hapo. Jumatatu Mkurugenzi alimwita. Hakumwangalia usoni, aliangalia kalamu yake.

"Mama, si kwamba hatukuthamini. Lakini wageni watauliza, na hatuwezi kuwa na hesabu mbili. Mashine inasema hivi, wewe unasema vile. Nikiwaonyesha zote, nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Mtu mwenye hesabu mbili, Mkurugenzi."

"Ndiyo sasa!" Akamsogezea barua.

Barua ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kuanzia Jumatatu ijayo Mama Buluu angehamia chumba cha kufulia makoti. La pili lilikuwa na mstari mmoja tu: kwa kuzingatia umri wake na maoni ya kitaalamu, hesabu zote alizowahi kuandika zisitegemewe, na madaftari yahamishiwe stoo.

Zote. Alizowahi. Mama Buluu alisoma mara mbili kwa macho yake mazima. La kufua halikumtisha. Tangu lini maji na sabuni vikamtisha? Ni lile la pili lililomkata maini. Miaka kumi na tisa ya kuamka mapema na kuanza kuhesabu pasipo na kitu, ili asije akamsingizia mtu maiti, leo yote inaitwa haitegemewi kwa mstari mmoja tu.

Nyumbani alimkuta mume wake, fundi cherehani, anapindua ukosi wa shati la mteja sebuleni, na wifi yake, dada wa mume, yuko chini mkekani anachambua mchele. Wifi huyu alikuja kukaa wiki mbili, ikawa miaka sita. Mdomo wake haukuwa na likizo.

"Enhe, mwenye gari la ofisi karudi kwa miguu?"

Akawasomea barua. Wifi aliendelea kutupa vijiwe pembeni. "Sasa wifi, kufua si kazi? Makoti hayabishani na mtu."

"Kufua nitafua. Lakini wameandika mimi muongo."

"Wapi? Nionyeshe."

"Hapa. 'Zisitegemewe.'"

"Hilo si muongo."

"Kiofisi ndiyo muongo, wifi, ila amevaa tai."

Cherehani ikanyamaza. Mume wake hakuwa mtu wa maneno; maneno aliyaacha kwa dada yake, aliyeyatumia ya watu wawili. "Mimi na wewe tuna miaka thelathini," alisema. "Kila nikikuuliza shati limenikaaje, hujawahi kunidanganya hata siku moja, hata siku ya harusi ya mwanetu. Nilikuwa natamani sana unidanganye. Leo ndiyo uanze kudanganya kwa ajili ya seli?"

Wifi alicheka hadi mchele ukamwagika.

Kabla ya kulala, Mama Buluu alipiga magoti. Hakuomba apandishwe wala mwenzake ashushwe. Aliomba kitu kimoja tu: kilichokufa kiitwe kimekufa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, akaongeza: na Daktari umpe afya. Hakutaja ya kiungo gani.

Jumanne msaidizi wa Daktari alitumwa kwenda kusimamia bango, na mikono ya kupanda seli ikakosekana. Daktari alizunguka, akakohoa, akasimama karibu na karo.

"Mama, unaweza kunijazia sahani? Nataka kurudia kipimo kabla ya wageni."

"Barua inasema nisitegemewe."

"Hiyo ni kuhesabu, mama. Mikono haijaandikiwa barua."

Akaijaza. Alijaza mbili, maana hajawahi kupika kitu cha maabara bila pacha wake; moja ikianguka, nyingine ipo. Tone kwa tone, kishimo kwa kishimo, mkono haukutikisika. Alipofika safu ya kumi na mbili, ya mwisho, mkono wake ukafanya ulichozoea miaka kumi na tisa. Ukaweka maji ya chakula peke yake, bila seli. Juu ya mfuniko, mwisho wa safu, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: 0. Hakukusudia kumtega mtu. Angeambiwa ajaze sahani ya chakula mezani, huenda nayo angeacha upande mtupu.

Jumatano Daktari alitia dawa sahani zote mbili, kila safu isipokuwa ya kwanza, ile inayohesabiwa kuwa mia. Mfuniko aliushika kwa mkono wa kushoto wakati wote, na hakuutazama. Nani husoma mfuniko?

Alhamisi asubuhi mapema akatia rangi ya manjano kwenye sahani ya kwanza. Saa tano hivi mashine ikatema karatasi. Mia na arobaini. Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini na moja. Daktari alikuwa anapiga mluzi. Safu ya kumi na mbili: mia na thelathini na mbili. Akauchukua mfuniko afunike, na sasa, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akausoma.

"Mama! Hii sifuri ni ya nini?"

"Hapo hakuna seli."

"Hakuna seli vipi? Mashine inasema mia na thelathini na mbili!"

"Sikuweka, baba."

"Umeweka! Umesahau ukaweka! Mashine imeona!"

"Basi mashine imeona malaika."

Daktari uso ulimbadilika. Alitoka mbio na karatasi mkononi, na kufumba na kufumbua akarudi na Mkurugenzi, anamweleza njiani: mama kachanganya, mama kajaza pasipotakiwa, na ushahidi huu hapa, ndiyo maana tulisema hategemewi. Mkurugenzi alifika anahema.

"Mama, sema kweli. Uliweka au hukuweka?"

Mama Buluu alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Alijua akikubali, yameisha: atakwenda kufua kwa heshima, na barua itakuwa imesema kweli. Akikataa, ni neno lake dhidi ya mashine iliyovuka mipaka miwili ikiwa kwenye sanduku.

"Mkurugenzi, mimi usiniamini," alisema. "Barua umeandika, iheshimu. Ila kwenye kabati kuna sahani mpya, haijafunguliwa. Fungua mwenyewe. Usiweke seli, na mimi nisiguse. Weka dawa, weka rangi ya manjano, basi. Tukae tuangalie."

"Haina maana ya kisayansi," alisema Daktari.

"Mwanangu, ni mstari wangu wa kwanza wa kila siku. Leo nikuandikie wewe."

Mkurugenzi, kwa papara yake, alikwisha pasua karatasi ya sahani. Alitia mwenyewe, akimwaga nyingine mezani: vishimo vinne, dawa na rangi. Hakuna seli, hakuna roho, hakuna chochote kilichowahi kuishi humo. Sahani ikawekwa kwenye kabati la joto, nao wakakaa. Mkurugenzi alichukua kigoda cha dirishani. Daktari aliegemea ukuta, amekunja mikono juu ya cheo chake. Mama Buluu aliendelea kuosha chupa, maana chupa hazijui kesi.

Kabati lilikuwa na mlango wa kioo. Dakika ishirini, manjano. Nusu saa, Daktari akaangalia saa yake kwa namna ya mtu anayetaka aonekane anaangalia saa. Halafu Mkurugenzi akashuka kwenye kigoda, akasogeza pua kwenye kioo.

"Daktari. Njoo."

Kwanza ilikuwa kama uchafu pembeni. Kisha ikaenea. Saa moja haijatimia, vile vishimo vinne vitupu vilikuwa zambarau tupu, zambarau ya kupendeza, ya kifalme. Daktari alivipitisha kwenye mashine, na mashine, ambayo kweli haina huruma, ikasema: mia na thelathini na tatu.

Ilikuwa imepima uhai wa plastiki, ikaukuta uko vizuri sana.

Mama Buluu alimtazama yule kijana, akaona masikio yamekuwa mekundu, midomo imekauka, na kifua kile chenye uzi mwekundu kinapanda na kushuka kama cha mtoto aliyevunja kikombe cha mgeni. Hapo angeweza kumwuliza: jana ulipata ngapi? Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, na lilikuwa tamu, na akajutia kidogo kulimeza.

"Mwanangu," alisema, "rangi yako haina kosa. Hukusuuza tu."

"Nisuuze nini?"

"Dawa. Umeiacha kishimoni, ukatia rangi juu yake. Hii dawa yenyewe inageuza rangi, haihitaji seli. Kikombe chenye masalia ya chai ukimimina maziwa yakawa kahawia, utasema ng'ombe ni mgonjwa?"

Mkurugenzi alikaa tena kwenye kigoda, polepole.

"Sahani pacha ipo," Mama Buluu aliendelea. "Haijatiwa rangi bado. Toa dawa, suuza, ndipo utie."

Daktari aliishika ile sahani ya pili, akavuta maji kwa mrija, tayari kuyapiga kwa nguvu katikati ya kishimo. Mama Buluu aliushika mkono wake. "Taratibu! Utazing'oa. Maji ya chumvi, yenye joto la mwili. Pitisha ukutani mwa kishimo, yateremke yenyewe, kama unamsuuza mtoto mchanga kichwa." Akasuuza mara mbili, mwanafunzi mwenye shahada tatu, na mhudumu wa usafi amesimama nyuma yake anasema *hivyo, hivyo, usiguse chini*. Wakatia rangi ya manjano. Wakangoja saa nne kamili, safari hii bila mtu kukunja mikono.

Saa kumi hivi karatasi ikatoka. Safu ya kwanza, mia. Safu ya mwisho, isiyo na kitu: sifuri na ushee, kama inavyompasa asiyekuwepo. Na zile safu za katikati, zilizotiwa dawa, zilizokuwa hai kuliko hai? Ishirini na sita.

Mama Buluu alifungua daftari lake, ukurasa wa wiki iliyopita. Katika mia, buluu sabini na moja. Zilizo hai, ishirini na tisa. Daktari aliweka karatasi kando ya daftari, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Tofauti ni tatu," alisema, sauti imeshuka.

"Jicho linachoka," alisema Mama Buluu.

Mkurugenzi alikuwa anaangalia ukutani, pale lilipoegeshwa bango la wageni, refu kuliko mlango: DAWA INAYOHUISHA SELI. "Kesho," alisema. "Watakuwa hapa saa tatu. Nifanye nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Tungeweza kuwaonyesha tu ile sahani ya kwanza."

"Mkurugenzi," alisema Mama Buluu, "hii itapakwa kwenye vidonda vya watu."

Na hapa tumpe Daktari chake, kwa kuwa kila mtu ana siku yake moja. Alikwenda mwenyewe hadi ukutani, akaushika ukingo wa bango, akalikunja kuanzia juu mpaka chini, akalifunga kwa kamba. Alifunga vibaya, lakini alifunga.

Ijumaa wageni walikuta bango jingine, la karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi: NJIA ILIYOBORESHWA YA KUPIMA UHAI WA SELI. Suuza dawa kabla ya kutia rangi. Acha safu moja bila seli. Hakiki kwa jicho. Daktari alieleza vizuri sana, akitumia maneno marefu kwa ajili ya kusuuza, mpaka ikasikika kama jambo la kurusha roketi. Wageni walipiga makofi. Mmoja alisema hajapata kuona ubunifu kama ule, na wenzake wakatikisa vichwa. Chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo kama za kiwanda cha karatasi za macho, palikuwa na shukrani kwa watafiti tisa, kwa wizara, kwa waliouza mashine, na "kwa wahudumu wa usafi". Mama Buluu alisoma akiwa mlangoni, na trei ya vikombe mkononi.

Jioni Mkurugenzi alimwita. Safari hii alimwangalia usoni.

"Mama, ile barua tuisahau."

"Mimi nitaisahau leo hii, Mkurugenzi. Ila faili halina usahaulifu. Nikiondoka, atakayelifungua atanikuta humo sitegemewi."

"Niichane?"

"Usiichane. Andika nyingine, ikae juu yake."

Mkurugenzi akaandika hapohapo, kwa mkono, bila kumsubiri mpiga chapa. Ilikuwa na mstari mmoja. Mama Buluu aliwasomea nyumbani amesimama: *Hesabu zote zilizoandikwa na mhudumu huyu kwa miaka kumi na tisa zitegemewe, na madaftari yake yasitolewe maabara.*

"Mbona fupi?" aliuliza wifi. "Kuombwa radhi hakuna? Kupandishwa cheo hakuna? Gari?"

"Hamna, wifi."

"Basi wewe umeshinda nini?"

Cherehani ikajibu badala yake, ikaanza kukimbia kwa furaha kuliko ukosi ulivyohitaji.

Jumatatu Mama Buluu alifika kazini mapema, akamkuta mtu ameshakalia kigoda cha dirishani. Alikuwa Daktari, ameinamia hadubini, vidude vya kuhesabia viko mikononi, kimoja kikilia kwa kusitasita.

"Shikamoo, mama. Nimeamua nianze na kioo kitupu, kama wewe."

"Marahaba. Umepata ngapi?"

Daktari alikohoa. "Tatu."

"Kioo kaosha nani?"

"Mimi."

Mama Buluu alichukua aproni yake msumarini, akamvisha kijana shingoni, akamfunga kamba mgongoni juu ya lile koti lenye uzi mwekundu.

"Karo lile pale," alisema. "Kaoshe tena."